UFAFANUZI WA ISTILAHI: Sukari inaposhuka katika damu, tuiite nini hali hiyo?

MGONJWA wa kisukari akianza kutetemeka na kutokwa na jasho jembamba, jamaa zake aghalabu husema, “Sukari imempanda.” Humwondolea kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake, na wapo wanaokimbilia dawa yake ili wamwongezee kipimo. Iwapo sukari haikupanda bali imeshuka, basi watu hao wanaompenda watakuwa wamemnyima tiba na kumpa kitu cha kumdhuru.

Mkanganyiko huu una sababu nyingi, na mojawapo ni lugha. Neno ‘sukari’ limebeshwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili cha leo. Ni jina la bidhaa tunayoinunua dukani kwa kilo. Ni jina la kile kinachozunguka katika damu ya kila mtu, mzima na mgonjwa, ambacho wataalamu hukiita glukosi. Tena, katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, ni jina la ugonjwa wenyewe. “Mama ana sukari” ni sentensi ambayo hakuna Mkenya asiyeielewa, ilhali tukiipima kwa mizani ya sayansi, kila mama aliye hai ana sukari.

Pindi ugonjwa unapopewa jina la kitu, kitu hicho nacho hugeuka kuwa adui. Mwenye ‘sukari’ hukatazwa sukari, na katazo hilo huzoeleka nyumbani hadi likawa kama mwiko. Siku atakapohitaji vijiko vitatu vya sukari ili asizirai, hakuna atakayethubutu kumpa. Ndiyo maana neno ‘kisukari’, lililozoeleka zaidi kwa ndugu zetu wa Tanzania na ambalo sasa limekita mizizi katika magazeti na vitabu vya shule humu nchini, linafaa zaidi. Kiambishi ki- kimetumika tangu jadi kuyataja maradhi na madhila ya mwili: kifafa, kichocho, kipindupindu, kisonono, kiharusi, kizunguzungu. Anayesema ‘kisukari’ ametenganisha maradhi na bidhaa kwa silabi moja tu.

Sasa tuigeukie istilahi inayotuhusu. Katika maandishi ya kitaalamu, hali ya sukari kushuka chini ya kiwango kinachostahili katika damu huitwa haipoglisemia. Wapo wanaoandika hipoglisemia, na wapo wanaofuata matamshi ya Kiingereza kikamilifu na kuandika haipoglaisemia. Tofauti hizi zisitushangaze. Ni zile zile zilizotupa haidrojeni na hidrojeni, baiolojia na biolojia. Kila mkopaji huamua kama atafuata jinsi neno linavyoandikwa au linavyotamkwa kule linakotoka. La muhimu ni kwamba mwandishi akishachagua umbo moja asiliache njiani.

Asili ya neno lenyewe ni Kigiriki, na limeundwa kwa vipande vitatu. Cha kwanza maana yake ni ‘chini ya’. Cha pili maana yake ni ‘tamu’, na ndicho kilichozaa pia neno glukosi. Cha tatu ni ‘damu’, nacho tunakiona katika majina mengine kama vile anemia na lukemia. Kwa hivyo haipoglisemia ni utamu ulio chini katika damu. Kinyume chake ni haipaglisemia, yaani utamu uliopita kiasi katika damu.

Hebu yasome tena maneno hayo mawili, msomaji. Haipoglisemia. Haipaglisemia. Kinachoyatenganisha ni irabu moja, iliyofichika katikati ya neno lenye silabi saba, mahali ambapo mkazo wa Kiswahili hauangukii kabisa. Yatamke kwa haraka katika wodi yenye makelele, au kupitia simu yenye mtandao hafifu, kisha umwulize aliyekusikiliza kama amesikia ‘po’ au ‘pa’. Na bado maneno hayo mawili yanaagiza matendo yanayopingana: moja linadai mgonjwa apewe sukari mara moja, jingine linadai sukari yake iteremshwe. Lugha yoyote inayoyaazima maneno haya pacha huiazima na hatari hiyo. Hata Kiingereza hakijasalimika, kwani wanafunzi wa udaktari huonywa mapema wayatamke kwa uangalifu.

Kwa bahati, Kiswahili kimetupatia kamba ya kushikilia ambayo lugha nyingine hazina. Silabi za mwanzo za istilahi yetu zinasomeka ‘haipo’. Nomino sukari iko katika ngeli ya I-/ZI-, hivyo kukanusha kuwapo kwake ni kusema: sukari haipo. Ni sadfa tupu, wala Wagiriki hawakutujali walipoliunda neno lao, lakini ni sadfa ya manufaa. Mwalimu anayewafunza wauguzi kwa Kiswahili anaweza kuwaambia kwamba haipoglisemia ni pale sukari ‘haipo’ ya kutosha, na sidhani kama watasahau. Hii ndiyo hoja moja inayonifanya niunge mkono umbo lenye ‘hai’ dhidi ya lile la hipoglisemia.

Hata hivyo, mbinu ya kukumbuka neno si sawa na kulielewa. Mkulima wa Kakamega au mchuuzi wa Kongowea hatalibeba neno la silabi saba aende nalo nyumbani. Umma una semi zake, nazo zapaswa kupimwa moja baada ya nyingine.

Usemi wa kwanza ni ‘upungufu wa sukari mwilini’. Unasikika redioni na umo katika vijitabu kadhaa vya afya. Una kasoro mbili. Kwanza, ‘mwilini’ si mahali penyewe. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli kwa umbo liitwalo glaikojeni, na mtu mnene mwenye akiba tele anaweza kuzirai kwa sababu sukari ya damu yake imeshuka. Damu ya mtu mzima ni kama lita tano, na sukari iliyomo wakati wowote mtu akiwa mzima ni takriban gramu nne na nusu hadi tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubongo hutegemea kijiko hicho dakika kwa dakika, kwa kuwa hauna ghala lake la maana. Tunazungumzia damu, basi tuseme damu.

Kasoro ya pili ni neno ‘upungufu’. Tumezoea kulisikia katika upungufu wa damu na upungufu wa vitamini, hali ambazo aghalabu hujengeka kwa wiki na miezi na kutibiwa kwa lishe na vidonge vya muda mrefu. Anayeambiwa ana upungufu wa sukari huenda akadhani anahitaji kubadilisha mlo kuanzia mwezi ujao. Haipoglisemia haingoji mwezi ujao. Humjia mtu saa nne asubuhi akiwa shambani, na ikiachwa bila kushughulikiwa inaweza kumtoa fahamu kabla ya adhuhuri.

Usemi wa pili ndio unaonikera zaidi: ‘sukari ya kushuka’. Umeigwa kutoka kwa ‘presha ya kushuka’, na umeleta itikadi potofu kwamba kuna aina mbili za wagonjwa, wale wa ‘sukari ya kupanda’ na wale wa ‘sukari ya kushuka’, kana kwamba ni koo mbili. Utamsikia mtu akisema, “Yangu ni ile ya kupanda,” akimaanisha kwamba ile nyingine haimhusu. Ukweli ni kinyume. Anayekabiliwa zaidi na hatari ya sukari kushuka ni yule yule ambaye sukari yake ilipanda hadi akaandikiwa dawa ya kuiteremsha. Mtu mmoja anaweza kuamka sukari ikiwa juu, adhuhuri ikawa chini na jioni ikapaa tena.

Hapa sarufi inatusaidia kuona kosa lilipo. Kihusishi cha A-unganifu katika ‘sukari ya kushuka’ hukipa kitu sifa ya kudumu, kama tunavyosema maji ya kunywa au nguo ya kuvaa. Lakini kushuka kwa sukari ni tukio wala si sifa. Kiswahili kina viambishi vya kulieleza tukio kwa usahihi ambao daktari yeyote angeuonea fahari. ‘Sukari imeshuka’ humaanisha imetokea na hali bado ipo, chukua hatua. ‘Sukari ilishuka’ humaanisha yamepita, tutafute sababu. ‘Sukari yake hushuka usiku’ humaanisha kuna mazoea, na dawa au mlo wa jioni wapaswa kuangaliwa upya. Muuguzi akizisikiliza hizo ‘me’, ‘li’ na ‘hu’ vizuri atakuwa amepata nusu ya historia ya mgonjwa.

Kwa maoni yangu basi, istilahi inayofaa kwa umma ni kushuka kwa sukari katika damu, na haipoglisemia ibaki kuwa jina la kitabuni na la faili ya hospitali. Kiswahili kimewahi kuifuata njia hiyo kwa mafanikio. Ukimwi ulipoingia, hatukukopa jina la Kiingereza na kulilazimisha katika matamshi yetu. Tulisema ni upungufu wa kinga mwilini, tukafupisha, na jina likaingia katika kila kijiji likiwa na maana yake tumboni. (Mahali hapo, ‘upungufu’ na ‘mwilini’ ndiyo maneno yaliyofaa.)

Imeshuka kiasi gani ndipo tutumie istilahi hii? Mashine za kupima sukari zinazotumika katika hospitali nyingi za Kenya hutoa jibu kwa milimoli kwa kila lita. Chini ya 3.9 ndipo tahadhari huanza. Chini ya 3.0, ubongo huanza kukosa chakula chake na hali huhesabiwa kuwa mbaya. Ngazi ya tatu haina tarakimu: ni pale mgonjwa anapochanganyikiwa au kupoteza fahamu kiasi cha kuhitaji mtu mwingine amsaidie, mashine iseme itakalosema. Baadhi ya mashine hutumia miligramu kwa kila desilita, ambapo 3.9 husomeka 70 na 3.0 husomeka 54. Anayehama kutoka mashine moja hadi nyingine azidishe au agawanye kwa 18. Mgonjwa aliyezoea kuona 70 akaona 4 asidhani ameshaaga dunia.

Tarakimu peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1930, daktari mpasuaji Mmarekani, Allen Whipple, alitoa masharti matatu ambayo yangali yanafunzwa hadi leo: pawe na dalili, kipimo kionyeshe sukari iko chini wakati dalili zipo, na dalili ziondoke sukari inaporejeshwa. Bila masharti hayo, kila mwenye njaa angedai ana haipoglisemia. Kuna hata wagonjwa wa kisukari ambao sukari yao imekaa juu kwa muda mrefu kiasi kwamba ikirudi katika kiwango cha kawaida wao hutetemeka kana kwamba imeshuka. Hao hawana haipoglisemia. Miili yao imezoea kukaa juu, na itachukua muda kuzoea kushuka.

Dalili zenyewe huja kwa makundi mawili, na utaratibu wake una mantiki. Kwanza mwili hupiga kengele: mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, njaa huuma ghafla. Baadaye, kengele ikipuuzwa, ubongo wenyewe hulegea: ulimi huwa mzito, macho huona ukungu, mtu huropoka, hukasirika bila sababu, hupepesuka, huzirai au hupatwa na degedege. Kundi hili la pili ndilo lililowaponza wengi. Mtu anayeyumbayumba na kuropoka katika kituo cha matatu huchukuliwa kuwa mlevi. Mwanamke anayefoka ghafla na kisha kuanguka hudhaniwa amepandwa na mapepo. Na mzee ambaye ameishi na kisukari kwa miaka ishirini huenda asiisikie kengele ya kwanza kabisa, kwa kuwa neva zake zimechoka. Yeye hurukia moja kwa moja katika kuchanganyikiwa.

Chanzo kikuu ni tiba yenyewe. Insulini iligunduliwa mjini Toronto, Canada, mwaka wa 1921 na Frederick Banting na Charles Best pamoja na wenzao, na mwaka uliofuata ikaanza kuwaokoa wagonjwa. Tangu siku za mwanzo watafiti walijua kwamba ikizidi huangusha sukari. Hata kipimo cha awali cha nguvu ya dawa hiyo kilitokana na kiasi kilichoweza kuishusha sukari ya sungura hadi apatwe na mtukutiko. Vidonge vya aina ya glibenklamidi, vinavyotumika sana kwa kuwa bei yake ni nafuu, navyo huilazimisha kongosho kutoa insulini iwe mtu amekula au hajala. Mgonjwa anayevimeza asubuhi kisha akakosa chakula cha mchana amejitia hatarini, na kwa mzee au mwenye figo dhaifu hatari hiyo yaweza kudumu zaidi ya siku moja hata baada ya kuzinduka. Metformini, ikitumiwa pekee, ni nadra kuleta tatizo hili.

Ila tusidhani ni habari ya wenye kisukari tu. Ini ndilo hutengeneza sukari mtu asipokula, na pombe huizuia kazi hiyo. Anayekunywa chang'aa usiku kucha bila kula anaweza kuamka, au asiamke, sukari ikiwa imekwisha. Na wenzake watamwacha alale wakidhani ni ulevi. Malaria kali nayo huimaliza sukari ya mtoto haraka, na kwinini, iliyokuwa tegemeo la hospitali zetu kwa miongo mingi, huchochea kongosho kutoa insulini na kuzidisha tatizo. Hilo ni miongoni mwa mambo yaliyofanya artesuneti kuonekana salama zaidi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watu wazima wenye malaria kali mwaka wa 2006 na kwa watoto mwaka wa 2011. Mtoto mwenye utapiamlo mkali pia huingia katika kundi hili, na ndiyo sababu wauguzi humlisha kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku ukiwemo. Mama anayemwona muuguzi akimwamsha mwanawe saa nane za usiku ili anywe maziwa asimwone kuwa mkorofi.

Kwa degedege la mtoto, Waswahili wa pwani tangu zamani wamelihusisha na ndege au pepo wa usiku. Sina haja ya kuibishia imani ya mtu hapa. Ninachosema ni kwamba degedege ni jina la dalili, si la ugonjwa, na mojawapo ya mambo yanayoileta dalili hiyo ni sukari kushuka. Zahanati yenye mashine ndogo ya kupima itajua kwa sekunde chache.

Je, hatua ni ipi? Mgonjwa akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari inayoyeyuka upesi: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au vijiko vichache vya asali, au nusu kikombe cha soda ya kawaida au maji ya matunda. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapa. Chapati na ugali huchelewa mno, na chokoleti pia huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Asubiri dakika 15, apimwe tena, na ikiwa bado iko chini arudie. Sukari ikipanda ndipo ale chakula cha kawaida ili isishuke upya. Kama hakuna mashine karibu na dalili zipo, apewe sukari vivyo hivyo. Vijiko vitatu vya ziada kwa mtu ambaye kumbe sukari yake ilikuwa juu havitamwua jioni hiyo. Kunyimwa vijiko hivyo sukari ikiwa imeshuka kwaweza kumwua.

Aliyezirai asinyweshwe chochote, maana kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitalini, ambako atatiwa glukosi mshipani au kudungwa dawa iitwayo glukagoni. Kwa mtoto mdogo aliyepoteza fahamu mbali na hospitali, Shirika la Afya Duniani hukubali kijiko kimoja cha sukari kilicholowanishwa kwa maji kidogo kiwekwe chini ya ulimi wake wakati msaada ukitafutwa.

Kwa Waislamu wenye kisukari, suala hili huwa zito zaidi katika mwezi wa Ramadhani, hasa saa za alasiri kuelekea magharibi. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inasema kipimo kikiwa chini ya 3.9, mgonjwa afungue papo hapo hata kama zimebaki dakika kumi adhana ipigwe. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kutofunga, na kujidunga kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu kwa mujibu wa maulamaa wengi. Anayetumia insulini au glibenklamidi ni vyema amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwandamo wa mwezi, kwa sababu vipimo vya dawa na saa za kuzitumia hubadilishwa.

Nimalizie na ngeli, maana nimeulizwa mara kadhaa. Haipoglisemia, kama istilahi nyingi za mkopo zinazotaja hali, huingia katika ngeli ya I-/I-: haipoglisemia kali, haipoglisemia ya usiku, haipoglisemia imempata. Haina wingi wa ‘mahaipoglisemia’. Wala mtu hawi ‘haipo’, kama ninavyosikia baadhi ya wauguzi wetu wakisema kwa mkato, “Yule wa kitanda cha tatu ni haipo.” Jamaa wa mgonjwa aliyesimama mlangoni na kulisikia neno hilo amelielewa kwa Kiswahili, na ameshaanza kulia.